Shajara ya mradi: simulizi ya sauti ya Thaddeus Stevens kwa Kiswahili, sehemu 6

4 Januari 2025: kuanza

Naandika hapa kila nikimaliza hatua ili mwenye kutaka kufanya kitu kama hichi asipitie nilipokwama mimi. Mradi ni simulizi ya sauti, sehemu 6 za dakika 12 mpaka 15, kuhusu maisha ya kazi ya Thaddeus Stevens, wakili na mwanasiasa wa Pennsylvania, Marekani, aliezaliwa 1792 akafa 1868. Lincoln tunamjua wote, shuleni tumemsoma, ila huyu mzee alieongoza kamati ya fedha ya bunge la chini wakati wa vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe, kaskazini na kusini, alafu vita vilipoisha akashikilia kwamba waliokua watumwa wawe raia kamili ndani ya katiba, huyo hatajwi. Ndo maana nimemchagua.

Wasikilizaji wangu ni kikundi cha vijana wanaosoma pamoja hapa mtaani kwetu Tanga, kama watu 20, na kila mmoja anawatumia ndugu zake kwa WhatsApp. Kwahiyo faili lazima iwe ndogo, na lugha iwe ya kusikiliza sio ya kusoma.

Vifaa: maikrofoni ya USB 95,000, stendi 18,000, memori kadi 20,000, laptopu ninayo, programu ya kuhariri sauti ni ya bure. Bando nimepanga 35,000 kwa mwezi. Msomaji ni dada mmoja wa jirani mwenye sauti nzuri, tumekubaliana 15,000 kwa kila sehemu, mimi nasoma ya wazee na mahakimu.

18 Januari: maneno

Hii hatua nilidhani ni ya siku mbili, imekula wiki mbili nzima, na kama unafanya historia ya nje kwa Kiswahili nakushauri uanze nayo kabla hujaandika sentensi hata moja.

Kosa la kwanza. Niliandika "Baraza la Wawakilishi" kwa ile nyumba ya chini ya bunge la Marekani, sababu ndo hivo redio zote zinasema. Nikawasomea vijana kurasa mbili, binti mmoja mwenye asili ya Pemba akanyoosha mkono, "Kaka, kwani nao wana Baraza kama letu la Chukwani?" Na alikua na haki kuuliza, kwake neno hilo ni bunge la Zanzibar, lina jengo lake na watu wake anaowajua. Nimebadilisha kote, sasa nasema "bunge la chini" na "Seneti", na vyote viwili kwa pamoja "Kongresi". Mwanzo wa kila sehemu msomaji anakumbusha kwa sentensi moja.

Kosa la pili. Kwenye habari za Rais Andrew Johnson niliandika kwamba bunge lilipiga "kura ya kutokua na imani nae". Sio. Kura hiyo ni ya waziri mkuu, haihitaji mashtaka wala ushahidi, wakati kilichofanyika 1868 kilikua kesi kabisa, bunge la chini linashtaki, Seneti inakaa kama mahakama, Jaji Mkuu anasimamia. Neno letu wenyewe lipo, ibara ya 46A ya katiba yetu inazungumzia kumshtaki Rais. Nimetumia hilo.

Neno lililonifurahisha kuliko yote nimepewa na mzee mmoja jirani, mwalimu mstaafu. Nilikua naandika "watumwa waliokombolewa" kila mahali, refu, linachosha sikio. Akaniambia wazee wa pwani walikua wanamwita mtumwa alieachwa huru "mahuru". Basi. Neno moja, na linatoka kwenye historia yetu wenyewe, maana utumwa hatukuusoma kwa watu.

2 Februari: sehemu ya 1 nimeifuta yote

Hapa naandika kirefu sababu ndo kosa kubwa la mradi mzima.

Sehemu ya 1 ilikua tayari, imerekodiwa, imesafishwa. Ilianza na kijana aliezaliwa Danville, Vermont, mguu mmoja umepinda tangu kuzaliwa, baba fundi viatu alieondoka asirudi, mama anahangaika mpaka mtoto anafika chuo cha Dartmouth, alafu anakwenda York, kule Pennsylvania, kufundisha huku anasoma sheria, 1816 anafungua ofisi ya uwakili Gettysburg, anatetea wanyonge, mwisho wa sehemu. Muziki ukapanda. Nikampelekea yule mzee asikilize kwa simu yangu kibarazani.

Akasikiliza mpaka mwisho, akavua miwani. "Mwanangu, huyu wakili wako mbona hana dhambi hata moja?"

Nikamwambia, "Mzee wangu, kuna kesi moja niliiruka, niliona itawachanganya wasikilizaji."

"Hiyo uliyoiruka ndo uanzie."

Kesi yenyewe ni ya 1821, Butler dhidi ya Delaplaine, mbele ya Mahakama ya Juu ya Pennsylvania. Charity Butler alikua mwanamke mweusi, mtumwa wa Maryland, na alikua anadai uhuru wake na wa watoto wake wawili. Hoja yake ilisimama kwenye sheria ya Pennsylvania ya 1780, sheria ya kuondoa utumwa kidogo kidogo, ambayo ilisema mtumwa akiletwa na bwana wake ndani ya jimbo hilo akakaa zaidi ya miezi 6 anakua huru. Charity alikua amepelekwa huko mara kadhaa, ukijumlisha siku zote zinazidi miezi 6. Wakili wa upande wa mwenye mtumwa akasema hapana, miezi 6 lazima iwe mfululizo, huwezi kujumlisha vipande. Mahakama ikakubaliana nae. Charity na watoto wakarudishwa utumwani.

Wakili huyo alikua Thaddeus Stevens. Alishinda.

Mimi niliiruka sababu nilimpenda Stevens na nilitaka vijana wampende. Lakini ukiitoa hiyo kesi maisha yake yote yaliyobaki hayaeleweki, yanakua ya mtu aliezaliwa mwema akafa mwema, wakati aliezungumza mahakamani 1821 alikua wakili wa miaka 29 mwenye akili kali anaeitumia akili hiyo kwa aliemlipa. Baada ya hapo ndo unamuona anabadilika mpaka anakua mtu wa kutetea watoro waliokimbia utumwa, na msikilizaji anapima mwenyewe umbali aliotembea.

Nimeandika upya. Sehemu ya 1 sasa inaanza na Charity Butler, jina lake ndo neno la kwanza kabisa msomaji analolitamka, alafu tunahesabu zile siku kwa sauti, kipande kwa kipande, mpaka zinazidi miezi 6, kimya, alafu hukumu. Stevens anaingia dakika ya 4. Danville, mguu, Dartmouth, vyote nimevibana kwenye dakika mbili.

Nimeacha pia dakika moja ya merikani. Bibi zetu walivaa merikani, kitambaa cha pamba kilichokua kinaletwa Zanzibar na merikebu za Wamarekani wa Salem, Massachusetts, na pamba ya kusini kule iliyolisha viwanda vyao ilikua inalimwa na watumwa. Vita vyao vya 1861 vilipoanza na pamba ikaadimika, biashara hiyo ikayumba mpaka huku. Kwahiyo hadithi hii ilishafika mwambao kabla sijairekodi.

Gharama: msomaji nimemlipa mara ya pili, 15,000.

23 Februari: sehemu ya 2, shule

Hii imekwenda vizuri, sina mengi. 1834 Pennsylvania walipitisha sheria ya shule za umma za bure, wenye mali wakakasirika kulipa kodi kwa ajili ya watoto wa wengine, 1835 Seneti ya jimbo ikapiga kura kuifuta, na Stevens, wakati huo mbunge wa jimbo pale Harrisburg, akasimama tarehe 11 Aprili akahutubia na sheria ikapona. Vijana waliisikiliza kimya sana. Wengi wao wamewahi kurudishwa nyumbani sababu ya michango.

Kosa dogo: nilichanganya miaka nikasema sheria na hotuba ni 1834 zote. Nimerekebisha kwa kurekodi neno moja tu na kulibandika, ila ukisikiliza kwa makini sauti inaruka. Bora ungerekodi sentensi nzima.

Mwisho wa sehemu nimeweka mkutano wa katiba ya jimbo wa 1837 mpaka 1838. Katiba mpya iliingiza neno "mweupe" kwenye sifa za mpiga kura, watu weusi huru waliokua wanapiga kura wakanyang'anywa. Stevens alikua mjumbe. Alikataa kuweka saini.

16 Machi: sehemu ya 3, mvua

Masika imewahi na chumba changu ni bati tupu bila dari. Nilirekodi mara tatu, mara tatu zote mvua inapiga, na programu ya kuondoa kelele ikatoa sauti ya msomaji inasikika kama iko ndani ya ndoo. Nikakodi chumba cha kurekodia mjini kwa 40,000 saa moja, nikapewa faili yenye mvumo wa jenereta mwanzo hadi mwisho. Hela hiyo imepotea.

Kilichofanya kazi hakikugharimu kitu. Godoro mbili za kuazima zimesimamishwa kona ya chumba cha ndani kabisa, blanketi juu, laptopu nje ya mlango maana feni yake inaingia kwenye sauti, na kurekodi saa 10 alfajiri kabla ya adhana, mvua ikiwa imetulia. Maikrofoni iwe shubiri moja kutoka mdomoni, pembeni kidogo isipigwe na pumzi. Sehemu zote zilizobaki tumefanya hivo. Msomaji nimemlipa tena 15,000.

Habari yenyewe: 1842 Stevens anahamia Lancaster, ana madeni makubwa ya kiwanda chake cha kufua chuma, anajijenga upya kwa uwakili. 1848 anachaguliwa Kongresi. Alafu 1850 inakuja ile sheria ya watoro, iliyolazimisha hata majimbo huru kuwakamata watu na kuwarudisha kusini. Septemba 11, 1851, kijiji cha Christiana karibu na Lancaster, mwenye watumwa kutoka Maryland aitwae Edward Gorsuch anafika na wenzake kuwachukua watumwa wake waliotoroka, watu weusi wa hapo wanajikusanya wanakataa, risasi zinapigwa, Gorsuch anakufa. Serikali inawashtaki watu 38 kwa uhaini. Sio kwa kuua, kwa uhaini! Alieanza kupandishwa kizimbani ni mzungu, Castner Hanway, msaga nafaka, ambae kosa lake kubwa ni kwamba alifika pale akakataa kusaidia kukamata.

Kesi ilisikilizwa Philadelphia, juu ya ukumbi ule ule lilikotangazwa azimio la uhuru wao, na Stevens alikua mmoja wa mawakili wa utetezi. Hoja ilikua rahisi kwa masikio, mtu asie na silaha, juu ya farasi wake, anaekataa kushika mtu mwingine, vita gani ameipigana na Marekani? Wazee wa baraza walitoka wakarudi baada ya dakika chache tu, hana hatia, na kesi za wengine wote zikaporomoka.

Hapa nimeweka kitu kwa makusudi. Msomaji anamaliza hukumu ya Hanway, kimya sekunde tatu, alafu anarudia jina moja tu, Charity Butler. Imepita miaka 30. Sikuongeza maelezo. Nilipowachezea vijana, yule binti wa Pemba akaweka mkono mdomoni.

6 Aprili: sehemu ya 4, kuita majina

Kwanza marekebisho. Nilikua nasema alikaa Kongresi "tangu 1849 mpaka kufa". Sio kweli, alikaa 1849 mpaka 1853, akatoka, akarudi 1859 ndo akabaki mpaka kufa. Na chama kilibadilika njiani, alipitia chama cha kuwapinga Wafreimasoni, akaenda Whig, mwisho Republican kilipoanzishwa. Vijana wakauliza kama ni hao hao wa leo. Jina ndo hilo hilo, ila wakati ule ndo kilikua chama cha kupinga utumwa na cha kusini walikua Democrat, kwahiyo usisikilize kwa masikio ya habari za leo. Hiyo sentensi nimeirekodi.

Vita, kodi, noti mpya za karatasi, Marekebisho ya 13 ya katiba, ya kufuta utumwa, yaliyopita bunge la chini tarehe 31 Januari 1865 kwa kura 119 dhidi ya 56, vyote hivo nimevipitisha kwa dakika nne. Muda wangu nimeuweka kwenye asubuhi moja, Desemba 4, 1865.

Vita vimeisha, Lincoln ameuliwa, Johnson ndo rais, na majimbo ya kusini yaliyoasi yamechagua wabunge wao, wengine walikua vigogo wa uasi wenyewe, wamekuja Washington wamekaa kwenye viti wanasubiri. Karani wa bunge ni Edward McPherson, mtu wa Gettysburg, aliekuzwa kisiasa na Stevens. Kazi yake ni kuita majina. Anaita jimbo kwa jimbo. Majina ya kusini anayaruka. Horace Maynard wa Tennessee, ambae yeye mwenyewe hakuasi, alibaki upande wa serikali ya Washington, anasimama kupinga, karani hampi nafasi. Anaendelea kuita. Na asieitwa jina sio mbunge.

Nimelitengeneza hili kama rejista ya shule, maana hakuna msikilizaji wangu ambae hajawahi kukaa darasani akisubiri jina lake. Nilimrekodi kijana mmoja akiita, wenzake wanaitika "nipo", "nipo", "nipo", alafu inafika Tennessee na hakuna jina, kiti kinaburuzwa, mtu anaanza kusema, na muitaji anaendelea na jina linalofuata. Mara ya kwanza niliweka muziki chini yake, ukaharibu. Nimeutoa. Acha sauti za watu zifanye kazi.

Alafu Marekebisho ya 14, kila aliezaliwa Marekani ni raia, na sheria imlinde kila mtu sawa. Stevens alitaka zaidi, alitaka na haki ya kupiga kura iwe wazi humo humo, hakuipata. Juni 13, 1866 akawaeleza wenzake kwanini anakubali kitu chenye mapungufu: kwasababu naishi na wanadamu, siishi na malaika. Tafsiri yangu ya kwanza ilikua "miongoni mwa wanadamu na sio miongoni mwa malaika", dada akaisoma mara tano ikakwama ulimini. Tukafupisha. Kama msomaji anajikwaa mara mbili sehemu ile ile, kosa ni la mwandishi.

27 Aprili: sehemu ya 5, ekari 40

Hii sikuhitaji kutafsiri kitu maana ekari ni ekari. Septemba 6, 1865 pale Lancaster Stevens alisema ardhi ya wenye mashamba makubwa ya kusini ichukuliwe, na kila mwanaume mahuru apewe ekari 40. Hesabu yake aliitoa wazi, wakiwa watu milioni 1 ni ekari milioni 40, na kilichobaki kiuzwe kulipa deni la vita. Mtu asie na ardhi, akimtegemea bwana wake wa zamani kwa kibarua, uhuru wake uko wapi? Hoja hiyo mkulima wa Muheza anaielewa bila wakili.

Haikupita. Johnson aliwasamehe waasi na kuwarudishia mashamba yao, na mahuru waliokua wameshaanza kulima wakatolewa.

Kosa langu lilikua kurukia hapa moja kwa moja kesi ya Johnson kana kwamba alishtakiwa kwa ajili ya ardhi. Alishtakiwa hasa kwa kumfukuza waziri wa vita, Edwin Stanton, kinyume na sheria ambayo Kongresi ilikua imepitisha. Nimeandika upya dakika tatu nzima. Bunge la chini lilimshtaki Februari 24, 1868 kwa kura 126 dhidi ya 47. Stevens alikua mmoja wa waendesha mashtaka, mgonjwa, hawezi kutembea, anabebwa kwenye kiti kuingia ukumbini, na siku ya hotuba yake nguvu zikamuishia katikati, mwendesha mashtaka mwenzake, Benjamin Butler, akachukua karatasi akamalizia kusoma. Kura za Seneti zilikua 35 dhidi ya 19. Ilipungua moja tu kufika theluthi mbili za kumuondoa.

18 Mei: sehemu ya 6, jiwe

Sehemu ya mwisho ni ya watu wawili. Wa kwanza ni Lydia Hamilton Smith, mwanamke chotara, mjane, aliesimamia nyumba ya Stevens Lancaster na Washington kwa zaidi ya miaka 20. Magazeti ya maadui zake yalimchafua sana huyu mama, na mimi sijabeba hata neno lao moja. Nilichobeba ni kwamba Stevens alitaka wageni na ndugu zake wamwite kwa heshima, kwahiyo kwa Kiswahili ni Bi Smith kila mahali, hata pale ambapo "Lydia" ingekua fupi. Wosia ulimpa achague dola 500 kila mwaka au 5,000 kwa mara moja. Alichukua hela yake akainunua ile nyumba ya Lancaster.

Wa pili ni Stevens mwenyewe, amekufa usiku wa Agosti 11, 1868. Mwili uliwekwa ndani ya jengo la Kongresi, ukilindwa na kikosi cha askari weusi. Alishachagua kaburi, sehemu ndogo Lancaster inayoitwa Shreiner, sababu makaburi makubwa ya mji yalikua hayazikwi watu weusi, na maneno ya jiwe aliyaandika mwenyewe.

Tafsiri ya haya maneno nimeifanya mara tisa. Niligombana na neno moja. Niliandika "mbele ya Mwenyezi Mungu", likasikika kama hotuba ya msibani. Mzee akaniuliza jiwe lenyewe linasemaje, nikamwambia linasema alieumba. "Basi sema Muumba." Ndo ikakaa, na kwenye kikundi chetu chenye Waislamu na Wakristo hakuna alieona limemtenga:

"Nimelala hapa mahali patulivu pa pembeni, si kwa kupenda upweke. Ila nimekuta makaburi mengine yanabagua watu kwa rangi, nikachagua hapa, ili kifo changu kioneshe yale niliyoyatetea maisha yangu marefu: usawa wa binadamu mbele ya Muumba wake."

Anasoma dada, sio mimi. Mara ya kwanza nilisoma mimi kwa sauti nzito ya kizee, ikaharibu, yeye kasoma kama mtu anasoma jiwe kweli, taratibu, anasimama mwisho wa mistari.

Jumla ya gharama: vifaa 133,000, bando miezi 5 ni 175,000, msomaji sehemu 6 na marudio mawili 120,000, chumba kilichopotea 40,000. Ni 468,000. Ukianza na godoro tangu siku ya kwanza na ukasikilizisha mtu mzima maandishi kabla ya kurekodi, unaokoa 70,000 hapo.

Faili zote 6 nimezitoa kwa mono, yaani mkondo mmoja wa sauti, ili ziwe ndogo, zimetumwa kwenye kikundi jana usiku. Asubuhi hii nimegundua sehemu ya 3 ile sekunde tatu ya kimya kabla ya jina la Charity Butler ilikatwa na programu wakati wa kubana faili, yenyewe inaona kimya ni kosa. Nimezima mpangilio huo wa programu, nimeitoa upya, nimetuma tena. Kama umepokea ya jana usiku, ifute uchukue ya leo.